Kigezo cha Injinia

Wahenga walionena kuwa mchimba kisima huingia mwenyewe hawakuwahi kuiona kompyuta, lakini binadamu walimjua nje ndani. Walijua kwamba anayemchimbia mwenzake husahau jambo moja: njia ile naye huipita.

Kijana mmoja, ambaye ukoo mzima ulimwita Injinia, aliandika programu katika kampuni ya teknolojia. Shahada yake aliitundika sebuleni juu ya televisheni, ili anayetazama taarifa ya habari aanze kwa kumsoma yeye. Tatizo lake lilikuwa gere. Alimwonea gere binamu yake, binti wa shangazi yake, aliyejifunza kompyuta mwenyewe mtandaoni na kwa miaka mingi akatunza kompyuta za hospitali moja bila hiyo shahada. Mama yake mzazi ndiye aliyekuwa akikitia kidonda chumvi.

"Simu yangu iliganda, binti wa watu akaitengeneza hata chai haijapoa. Wewe ulinipa muhadhara!"

Injinia alitabasamu kwa meno tu. Moyoni palifuka moshi.

Siku si siku, hospitali ikanunua akili bandia na unga wa binamu ukamwagika. Wakati huohuo, kampuni ya Injinia ikatangaza nafasi ya kazi. Maombi yalimiminika kama mvua, hata bosi akaikabidhi akili bandia kazi ya kuyachuja. Vigezo aliagizwa Injinia aviweke.

"Kaka, nikiomba huko kwenu nitapata kweli?" binamu alimuuliza.

"Omba tu, dada yangu. Mlango uko wazi," alijibu kwa ulimi wa asali.

Kesho yake akaweka kigezo kipya: aliyekaa mahali pamoja zaidi ya miaka mitano aachwe, kwa kuwa amedumaa. Bosi alipouliza, Injinia alikisifu kigezo hicho mpaka mate yakamkauka. Binamu akakataliwa kabla hajafunga kompyuta yake.

"Pole, dada. Mashine haina undugu," Injinia alimfariji, kisha akaenda kula kwa hamu.

Baada ya muda mfupi bosi aliita mkutano. "Akili bandia sasa inaandika nusu ya programu zetu. Hatutabaki wote. Nisije nikaambiwa nina upendeleo, kila mtu ataomba kazi yake upya, na mashine ileile itachuja."

Injinia alikuwa wa kwanza kupiga makofi. Mara mikono ikamgandia hewani. Yeye mwenyewe alikuwa na miaka saba pale!

Alikimbilia kompyuta akifute kigezo, akakuta amefungiwa. Jirani yake wa meza akaangua kicheko. "Wewe sasa ni mwombaji, bwana. Umeona wapi mtahiniwa akitunga mtihani?"

Akaingia kwa bosi, kijasho chembamba kikimtoka. "Bosi, kile kigezo cha miaka mitano kina kasoro. Kinaacha watu wazuri."

"Juzi ulikisifu! Haya, nitajie mtu mmoja mzuri kiliyemwacha, nikifute sasa hivi."

Jina la binamu likamfika ncha ya ulimi. Ni neno moja tu lililotakiwa. Lakini akilini akamwona binamu huyo kwenye meza ya jirani, bosi akimpongeza, mama akiusimulia ukoo mzima. Akalimeza jina lile kama kidonge kichungu.

"Mimi," akasema.

Bosi alicheka hadi akavua miwani. "Kila mwombaji husema hivyo! Basi kigezo kinabaki."

Jua halijatua, jibu likaja: "Asante kwa maombi yako. Umekaa mahali pamoja muda mrefu mno." Injinia akaondoka na kikombe chake cha chai mkononi, kanywea kama kuku aliyenyeshewa.

Kufika nyumbani akamweleza mama, na mara mama akautangazia ukoo msiba huo. Simu ikaita. Ilikuwa sauti ya binamu.

"Kaka, nimesikia. Pole sana. Kuna mahali nimeanza kazi, wanatafuta watu. Nikupeleke?"

Hata hapo, ndani ya shimo, kitu cha kwanza kilichomchoma Injinia ni kwamba mwenzake amepata kazi. Hakuna aliyemsukuma, hakuna aliyemtega: mchimba kisima huingia mwenyewe.