Dalali Aliyenyamaziwa

Sogeeni, wanangu, sogeeni huku mbele. Ninyi mlioganda pale mlangoni, mabenchi haya hayaumi. Mwenye mtoto anayelia ampe ziwa, mwenye simu aizime. Sasa tunyamaze. Tunyamaze kabisa, maana habari yenyewe niliyowaletea ni ya kunyamaza.

Palikuwa na dalali mmoja wa mnada wa ng'ombe. Mnamjua dalali alivyo, hasimami mahali pamoja. Kamba ya fahali iko mkononi, miguu inakwepa mavi, jicho liko kwa mnunuzi anayejikuna sikio, na mdomo huohuo unataja bei, unasifia pembe, unamtania mzee aliyekuja mnadani na koti la harusi. Yote kwa mara moja. Watu walikuwa wakisema huyu hata usingizini miguu na ulimi vinaendelea kuuza.

Kisha kiharusi kikampiga. Kilimkuta asubuhi anafunga viatu. Mdomo ulipinda, ukarudi. Ulimi ulibaki mzima, ila mguu na mkono wa kushoto vikawa kama vya mtu mwingine, ameazimwa tu. Mkewe alishafariki, na mwanawe wa pekee yuko mgodini mbali, kwa hiyo aliyemuuguza ni mkaza mwana. Binti yule ndiye aliyempikia uji, akamkanda mguu kwa maji ya moto, akampeleka hospitali kwa mama mmoja wa mazoezi.

Siku moja yule mama akamwambia, "Baba, leo utatembea kutoka dirishani mpaka mlangoni, na huku unanitajia majina ya wanyama."

Dalali wa ng'ombe anaulizwa wanyama. Akaanza. Akasema ng'ombe. Akasema mbuzi. Mguu ukagoma katikati ya chumba kama umepigiliwa msumari, mwili ukaanza kulala upande, wakamdaka. Alipokalishwa alisema yeye si mtoto wa chekechea, na kama ni kuchekwa, atachekewa nyumbani kwake. Akataka asukumwe nje. Alipogeuza shingo akamwona mkaza mwana amebaki ndani na yule mama, wanazungumza kwa sauti ya chini, na wanazungumza kweli. Habari gani hizo za mtu ambazo mwenyewe haambiwi? Shaka iliingia hapo, wanangu, na ikakuta kiti.

Tangu siku hiyo nyumba ikageuka. Akiwa ameketi kwenye kiti chake cha kamba, maongezi yapo, vicheko vipo. Akishika fimbo ainuke, kimya. Redio inazimwa. Wajukuu wanafinywa kwa jicho. Mkaza mwana anaacha neno katikati. Mzee anapita mbele yao wote na hasikii shikamoo hata moja, mpaka afike anakokwenda aketi, ndipo shikamoo zinapomiminika zote pamoja. Ninyi mngesema nini? Mtu mzima apite asisalimiwe, na maongezi yakatike akitokea. Si yeye aliyekuwa anasemwa?

Akaamua kuwapima. Siku moja ameketi, akaishika fimbo bila kuinuka. Kimya. Akaiachia, maongezi yakarudi. Akaishika tena, kimya tena. Basi, akajua.

Kingine. Ua ulikuwa ukifagiliwa asubuhi, mchanga unabaki laini. Alikwenda chooni, na wakati wa kurudi akatazama njia aliyopita. Aliona nyayo zake, ule wa kushoto ukijikokota. Na nyuma ya nyayo zake, hatua kwa hatua, nyayo za mwanamke aliye peku. Mtu alivua ndala ili asisikike. Kesho yake akachungulia dirishani, akamwona mkaza mwana ameinama kwenye njia ileile, anaokota kitu mchangani, anakifunga kwenye pindo la khanga.

Sote hapa tunajua kinachosemwa juu ya mtu anayechota unyayo wa mwenzake. Mzee hakulitamka neno lile. Alianza tu kunywa uji wake baada ya paka kuonja.

Mtu pekee ambaye mzee alimwamini ni mdogo wake. Huyo alifika jioni jioni, akimkuta ameketi, na kelele zake zilianzia barabarani: je, fahali huyu mwenye kuchechemea anauzwa bei gani, au tumchinje tu. Mzee alicheka mpaka machozi. Angalau kuna mtu anayemsemesha kama mtu. Alipomweleza habari za kimya na za pindo, mdogo wake aliacha utani, akavuta kiti karibu. "Kaka, watu hawanyamazi bure," akasema. "Hapo wanagawana."

Mzee akakata shauri. Nyumba na shamba la alizeti atampa mdogo wake, binti arudi kwao. Mwanawe hakuambiwa. Wazee wa ukoo waliitwa Jumapili baada ya ibada, wakaja, wakalishwa wali na huyohuyo atakayefukuzwa, wakaketi barazani. Binti akakaa mkekani na watoto wake, ng'ambo ya ua.

Mzee akaeleza yote, kimya na nyayo na kuinama. Akasema hataki maneno mengi, wazee wajionee. "Afungue pindo lile mbele yenu."

Mzee alikuwa ameshasimama. Binti akalishika pindo kwa mkono. "Nitafungua, baba," akasema. "Keti kwanza."

Mnamsikia? Anaambiwa afungue, anamwambia mtu aketi. Wazee wakatazamana. Mzee akaona hapo ndipo uovu ulipojificha, akashika fimbo, akaukata ua mwenyewe kumfuata. Na mdogo wake, ili asionekane ananyamaza na wale wanaonyamaza, akamwuliza kutoka nyuma, "Kaka, na ufunguo wa stoo anao nani?"

Mzee akafungua mdomo ajibu. Mguu ukagoma. Uligoma vilevile kama siku ya ng'ombe na mbuzi. Mwili ukaanza kulala kushoto, na kushoto palikuwa na kinu.

Wazee walikuwa bado wanajiinua kwenye mabenchi. Mdogo mtu alikuwa bado anangoja jibu. Aliyekuwa chini yake ni binti. Aliondoka mkekani mzee alipochukua hatua ya kwanza, akaziacha ndala kama kawaida yake, akazunguka mpaka upande ule uliolegea, nusu hatua nyuma. Walianguka pamoja, yeye ndiye aliyepiga mgongo kwenye kinu. Na pindo likafunguka lenyewe. Vikamwagika vijiwe, punje za mahindi, gunzi, kokwa ya embe, msumari uliopinda.

Mzee, akiwa bado pale chini, akauliza ni vitu gani.

"Vya njiani kwako, baba. Visikutelezeshe."

"Na kunyamaza?"

Binti akaeleza huku anashika mgongo. Mama wa mazoezi alisema kwamba kwa sasa miguu ya baba inahitaji kichwa chote. Akisemeshwa akiwa anatembea, kichwa kinakwenda kwenye jibu, mguu unaachwa peke yake. Mguu na ulimi vitarudi pamoja polepole, kwa kufundishwa.

"Mbona hukuniambia mimi?"

"Ningemwambiaje dalali kwamba hawezi kutembea na kusema?"

Sasa sisi, wanangu. Ni mara ngapi tumesimama na fimbo zetu tukamwita Mungu, tukasikia kimya, tukasema amenuna, amegawa fungu letu kwa wengine? Umetazama nyuma, kwenye mchanga, upande wako uliolegea? Na huko nyumbani kwetu, ni nani tumemnywea uji kwa shaka, na ni nani tumemsogezea kiti kwa sababu tu anatuchekesha tukiwa tumekaa? Na binti naye nisimfiche, alikosa. Angemwambia. Mzee angekasirika wiki moja, ikaisha. Ukimstahi mtu mpaka ukamficha ugonjwa wake mwenyewe, unamwacha auguze shaka.

Basi wakaanza mazoezi waziwazi. Mzee anashika ukuta, binti anamtupia neno moja, anajibu, anapumzika. Mpaka asubuhi moja anaukata ua, binti akasema, "Shikamoo, baba." Mguu ukasita. Ukafikiri. Ukaenda.

"Marahaba, mwanangu."

Mzee alikuja kufa kitandani kwake, miaka mingi baadaye. Binti alirithi nyumba na shamba la alizeti, kwa neno la mzee mwenyewe. Mdogo mtu alirithi filimbi ya mnadani, maana hakuna aliyemfukuza, na kelele alikuwa nazo tayari. Vile vijiwe hakuna aliyevitaka, vikatiwa kwenye msingi wa banda la kuku. Na fimbo ilirithiwa na mama mmoja wa jirani, ambaye mguu wake umeanza kumsaliti mwaka huu. Yuko hapa ndani, ameniruhusu niseme. Ibada ikiisha atainuka kwenda mlangoni. Akiinuka, tunyamaze. Watoto waondoe viatu vyao njiani. Salamu tutampa akishaketi.