Mtamba wa Nsimire

Sogeeni, na mwenye usingizi auweke pembeni kidogo, kwa maana kisa hiki kimekuja kwenu kutafuta hakimu.

Kule Mulambi, mji mdogo wa mlimani, waliishi majirani watatu. Mwamini alikuwa na kipaji cha kuulizia: neno likimfikia, hulifuata mpaka kwa aliyelisema kwanza. Bagalwa, mpasua mawe, alijaliwa nguvu. Mzigo wa watu wawili yeye aliuita kikapu. Kulimushi, fundi cherehani, hakuwa na nguvu wala mbio, ila alikuwa ameugua mpox, ule ugonjwa wa vipele, akapona. Makovu yalimjaa mikononi, naye aliyaficha kwa shati la mikono mirefu, jua liwake lisiwake.

Jirani yao wa nne ni Nsimire, muuza vitenge, na kisa ni chake.

Wifi yake Faida, aliyeishi naye nyumba moja, alishikwa na homa, kisha vipele vikamtoka usoni na viganjani. Nsimire alimfulia, akamlisha kwa mkono wake, mpaka vipimo viliposema ni mpox na Faida akalazwa. Nsimire akabaki na mabinti zake wawili, wasichana wa sekondari, akiwakagua shingo na mikono kila wakiamka.

"Mama, unatafuta nini?"

"Natafuta uchafu," aliwajibu.

Mali yake kubwa ilikuwa mtamba mmoja mweupe, ng'ombe ambaye hajazaa bado. Akatamka mbele ya majirani: "Atakayeiokoa nyumba hii, mtamba wangu ni wake."

Mwamini alikuwa amesikia sokoni kwamba chanjo ipo, lakini ni ya wenye vyeo tu, tena huuzwa. Akajifunga kitenge kiunoni, akaenda kuulizia. Kituo cha kwanza wakamwambia hawana. "Basi nani anayo?" Wakamtuma kwa mhudumu wa afya wa mtaa, naye akamwelekeza kituo kingine, ng'ambo ya mto. Huko nesi akamwambia, "Ni bure, mama. Tunaanza na waliokaa karibu na mgonjwa. Ila wasichelewe, chanjo hukinga vizuri ikiwahi." Mwamini akaomba nesi aje Mulambi, kwa kuwa nusu ya soko ilikuwa imeshikana mikono na Faida. Mkuu wa kituo akakataa. Mwamini akaketi kwenye benchi la mlangoni pake, akamsalimia kila alipotoka na kila aliporudi, mpaka mkuu akacheka na kusema, "Haya, kesho atakuja."

Usiku mvua ikanyesha, daraja likazolewa. Nesi alisimama ng'ambo na sanduku lake la baridi, na chanjo haivumilii joto. Mto huohuo ndio uliomchukua kaka yake Bagalwa, na tangu msiba ule hakuwahi hata kunawa miguu ndani yake. Aliyatazama maji kwa muda mrefu. Kisha akavua viatu, akaingia na kamba, akaifunga ng'ambo, akalivusha sanduku kichwani. Akarudi kumbeba nesi mgongoni.

"Umewahi kubeba kitu kizito kama mimi?" nesi aliuliza, akimng'ang'ania shingoni.

"Mawe ni mazito zaidi, dada. Lakini mawe hayanikabi shingo."

Nesi akapanga vifaa vyake sokoni, na asiende mtu. Uvumi ulikuwa umemtangulia: sindano ile, walisema, hufunga kizazi. Nesi alieleza kwamba si kweli, wakamtazama tu. Hata Nsimire, aliyeingoja chanjo kuliko wote, aliwaangalia mabinti zake akawavuta nyuma yake.

Hapo Kulimushi akaja katikati ya soko na kukunja mikono ya shati mpaka mabegani. Kuna waliokuwa hawajawahi kuyaona makovu yale, na kuna waliogeuza nyuso.

"Msigeuke," akasema. "Nililia shuka likinigusa. Siku zile sindano hii haikuwepo. Ingekuwepo ningeifuata kwa magoti. Ninyi imewafuata mpaka hapa, nanyi mnaikimbia?"

Nsimire alihisi aibu, na chini ya aibu, ujasiri. Akakunja mkono wa blauzi. "Nianze mimi, kisha wanangu." Nyuma yao foleni ikajipanga mpaka kwenye mabanda ya nyanya.

Mikono iliwauma kidogo, wakataniana. Siku ya sindano ya pili walirudi bila kubembelezwa. Faida alipona akaja nyumbani, na nyumba nzima hakuugua mwingine. Jioni hiyo Nsimire alicheka mpaka akatokwa na machozi. Kisha akamtoa mtamba uani, kamba mkononi, akawaita majirani zake watatu.

"Bila mimi mngekuwa mnaingoja chanjo mpaka leo," akasema Mwamini.

"Nawe ungeitazama ikiharibika ng'ambo," akasema Bagalwa.

"Na hata ikifika, bila mimi ingekosa mikono ya kuchoma," akasema Kulimushi.

"Akizaa, gawaneni maziwa," Faida akashauri.

"Maziwa yanagawanyika," akajibu Nsimire. "Lakini mtamba atalala zizi la nani, na ndama wake ataitwa wa nani?"

Nsimire alimtazama huyu, akamtazama yule, na kwa kila mmoja moyo wake ulisema ndiye.

Bado amesimama pale, ndugu zangu, na mtamba anaanza kuvuta. Je, ungekuwa wewe, kamba ungemkabidhi nani?