Nyati Aliyebaki na Chake

Hapo zamani za kale, siku ambazo nyati walikuwa bado hawajajifunza kuona haya, palikuwa na bonde lenye wenyeji wengi kuliko mnavyodhani. Juu kulikuwa na msitu, katikati malisho ya Bwana Nyati, na chini shamba la Ngiri.

Wenyeji wenyewe mnawajua, ila hamjawahi kuwasalimu. Walikaa chini ya ardhi. Msituni, penye majani ya kuoza miaka nenda rudi, walibanana hasa: jongoo, mchwa, tandu, nyungunyungu, ukijinyoosha usingizini umemtia jirani kidole jichoni. Kwenye malisho walikuwa wa kutosha, kila familia na ua wake. Na shambani kwa Ngiri, anayechoma moto kila msimu na kupanda mahindi juu ya mahindi, walibaki siafu wawili na nyenje mmoja mjane, na hata hao walikuwa wanafunga mizigo.

Bi Dundu alikaa kwenye malisho. Kazi yake, niwaambie bila kuficha, ilikuwa kinyesi. Asubuhi Bwana Nyati anashusha mzigo wake, pwaa, anaondoka zake akipiga mluzi. Bi Dundu anausogelea, anakata, anaviringa donge, analisukuma kwa miguu ya nyuma kichwa kikiwa chini, gudu gudu gudu, analizika. Ndani ya kila donge aliweka yai moja. Wakati huo alikuwa na mayai kumi na moja ardhini, na hakuwa na pengine pa kulea. Msituni nyati haingii, na pasipo nyati mtoto wa dundu analala njaa.

Sasa, Bwana Nyati alikuwa anatafuta mke. Wakwe wa ng'ambo ya mto wakatuma habari kwamba baada ya siku ishirini watakuja kupaona anapokaa. Ngiri, mshauri wake ambaye hakuna aliyemwomba ushauri, akamnong'oneza.

"Bwana mkubwa, wakwe wakikuta wadudu itakuwaje? Njoo uone kwangu. Pasafi. Unachimba mpaka unachoka, hukutani na mtu."

Nyati akaitisha mkutano. Akapanda juu ya kichuguu cha Mchwa bila kubisha hodi, akabomoa vyumba vitatu na jiko.

"Sikilizeni, wadudu. Kesho jua likitoka nisione hata mmoja hapa. Hasa wewe." Akamwinamia Bi Dundu. "Mchafu uliyekubuhu. Unanuka."

Bi Dundu akahisi ganda lake likipata moto. Yeye, mchafu? Yeye anayeamka kabla ya nzi?

"Nanuka nini, Bwana Nyati?"

"Unanuka mavi."

"Ya nani?"

Nyuma huko mtu akakohoa kicheko. Nyati akapiga kwato, tii, vumbi likapanda.

"Nyamaza, mama," Mzee Nyungunyungu akamsihi. "Atatukanyaga."

"Ameshatukanyaga, mzee. Kilichobaki ni kuchagua kama atatukanyaga bure."

Kisha Bi Dundu akamgeukia Nyati na sauti tamu kama ya mtu anayeomba chumvi kwa jirani. "Tutahama, bwana. Nani atabishana na pembe? Ila nakuomba tuachane vizuri. Anayehama aondoke na vyake, na mwenye mji abaki na vyake. Sisi hatutagusa chako hata chembe."

"Nyinyi mna nini cha kubeba?"

"Mzee Nyungunyungu ana mashimo yake."

Nyati akacheka mpaka kamasi zikamtoka. Ngiri naye akacheka, maana bosi alikuwa anacheka.

"Chukueni mashimo. Chukueni na vivuli vyenu. Naapa mbele ya wote: chenu chenu, changu changu. Na atakayegusa changu, namponda."

"Tumesikia," akasema Bi Dundu. "Wote mmesikia?"

Wakahama. Mchwa wakajaza udongo kwenye njia zao za chini. Mzee Nyungunyungu akaziba milango yake mmoja mmoja, milango iliyokuwa ikipitisha maji ya mvua tangu enzi za babu yake. Bi Dundu akafukua madonge yake, akayasukuma kupanda mlima, moja baada ya jingine, jua likimchoma. Donge moja likapasuka njiani. Alilifunika kwa majani, akasimama kidogo, akarudi kuchukua jingine. Msituni aliingia na kumi, na alikuwa na hasira ambayo sitaki kuwasimulia yote.

"Hayo madonge yanakauka," akasema Mzee Nyungunyungu. "Asipotuita upesi?"

"Atatuita. Yule ana tumbo."

Na kweli, tumbo la nyati halijui likizo. Pwaa asubuhi, pwaa mchana, pwaa jioni. Siku ya tano Nyati akaanza kuchagua pa kukanyaga. Siku ya tisa majani yaliyofunikwa yakageuka manjano, na nzi wakaja na shangazi zao. Siku ya kumi na tatu akamwita Ngiri.

"Ondoa huu uchafu."

Ngiri akasukuma kwa pua, mara moja. Alipoinua uso, hakuwa na hamu tena ya kushauri mtu. Akatimua mbio, mkia juu, hakuonekana mpaka msimu uliofuata.

Siku ya ishirini ikanyesha mvua. Maji yakatafuta pa kuingia ardhini, hayakupata hata tundu. Yakakaa juu, yakachanganyika na yaliyokuwepo, na malisho ya Bwana Nyati yakawa uji. Katikati ya uji huo ndipo wakwe walipofika.

Mama mkwe alitangulia. Akaweka mguu wa kwanza, chubwi, ukazama mpaka gotini.

"Baba," akasema taratibu, "haya ndiyo malisho, au ndicho choo?"

"Ni hawa wadudu, mama. Wamehama."

"Wamehama kwa nini?"

"Niliwafukuza. Nilitaka mkute pasafi."

Mama mkwe akautazama mguu wake, akamtazama Nyati, akautazama mguu tena. "Binti yangu hafiki hapa mpaka uliowafukuza warudi. Nitasubiri pale kwenye jiwe. Sitasubiri sana."

Nyati akapanda mlima, matope yakimdondoka. Akapiga magoti ukingoni mwa msitu.

"Bi Dundu, rudini."

"Kuja kufanya nini, sisi tunaonuka?"

"Nilikosea."

"Ulitukana, bwana. Kukosea ni kupotea njia. Sisi tulibeba uchafu wako kila siku, ukaona ardhi inajisafisha yenyewe. Mimi nimezika mtoto njiani kwa sababu wewe unaoa."

Masikio yakamlegea Nyati.

"Basi chini ya ardhi ni kwetu, huna amri," akasema Bi Dundu. "Vichuguu havikanyagwi. Na Ngiri mwambie moto basi, aache mabua yaoze shambani."

"Nimekubali. Twendeni sasa, wakwe wananisubiri."

"Mimi nimechoka kusukuma. Inama."

Akainama. Bi Dundu akamwekea donge katikati ya pembe, bichi kwa mvua, likimchirizikia mpaka puani.

"Taratibu, ndani ya hilo mna mtoto."

Hivyo Bwana Nyati, mwenye malisho, bwana harusi mtarajiwa, akateremka mlima kwa ncha za kwato na donge la mavi yake mwenyewe kichwani, akapita mbele ya wakwe waliojipanga, akalishusha polepole penye shimo, akarudi juu kufuata la pili. Mara kumi. Na kila alipopita, mama mkwe alimwamkia, naye ilimbidi aitikie bila kutikisa kichwa.

Basi, wanangu, ukimfukuza anayekusafishia, jiandae kuubeba uchafu wako mwenyewe.