Boti ya Bei Poa ya Bwana Kiboko

Ngano iingie?

— Iingie!

Hata ikiwa imelowa chepechepe?

— Iingie hivyohivyo!

Haya, isogezeeni nafasi, maana inatoka ziwani na bado inadondosha maji. Na wewe uliyelala kifudifudi hapo nyuma, keti vizuri. Ngano yangu siwasimulii visigino.

Basi, paliondokea Pimbi. Mdogo, mnene kidogo, mkia hana, na akiketi juu ya jabali lake asubuhi kuota jua, utadhani ni kiazi kilichosahauliwa. Alikuwa na mke, Mama Kidoti, na watoto wengi mpaka wengine walikuwa wakisubiri majina. Mali yao duniani ilikuwa moja tu: kiwanja cha ukoka kati ya majabali, laini, kijani masika na kiangazi. Ukoka ule ndio chakula cha asubuhi, ndio cha mchana, ndio cha jioni. Hawakuwa na kingine.

Na Pimbi alikuwa na ugonjwa. Si wa tumbo, si wa kichwa. Ugonjwa wa wimbi.

Ng'ambo ya ziwa walikaa Fisi-maji, watu wenye nafasi zao. Hao walikuwa na boti kubwa, nzito, yenye matangi ya maji tumboni. Ikipita, inadidimia nusu, na nyuma yake linainuka wimbi, shwaaa! Fisi-maji mmoja anasimama juu ya ubao, hashiki kamba, hashiki kitu, anateleza tu juu ya lile wimbi, mikono kiunoni. Boti inakwenda, wimbi linaifuata boti, Fisi-maji yuko juu ya wimbi. Pimbi akiyatazama hayo kutoka jabalini, moyo unamwenda mbio. Kila siku ya Mungu.

"Mama Kidoti, nitakufa bila kupanda lile wimbi."

"Kufa," alisema Mama Kidoti, "lakini kwanza nishikie huyu mtoto."

Sasa, upande huuhuu wa ziwa alikaa Bwana Kiboko. Tumbo mbele, yeye nyuma. Alikuwa amekula majani ya ufukwe wake wote, akala na mizizi, na sasa macho yake yalikuwa kwenye ukoka wa Pimbi. Kuuvamia hakuthubutu, kwa kuwa baraza la wanyama lilishamkanya kwa wizi, na bakora za Tembo alikuwa bado anazisikia mgongoni. Akakaa, akafikiri, akatikisa masikio. Ndipo akaenda akaokota boti moja iliyotupwa, bati tupu, akaipaka rangi nyekundu na kuichora ua ubavuni.

"Boti ya wimbi! Bei poa! Boti ya wimbi! Bei poa!"

Pimbi aliposikia hivyo alishuka jabalini mbio, kisha akakumbuka kwamba mnunuzi hakimbii, akatembea.

"Shikamoo, Bwana Kiboko."

"Marahaba, mwanangu! Una bahati wewe. Boti ni hii, sawasawa na ya Fisi-maji, ila bei yake ya kirafiki."

"Kiasi gani?"

"Ah, kitu kidogo. Ule ukoka wako."

"Wote?"

"Majabali nakuachia."

Pimbi akaizunguka boti. Akagonga ubavu: ko! ko! ko! Ikalia kama debe. Akaisukuma kwa mkono mmoja, ikasogea. Akarukia ndani, haikudidimia hata kidogo. Pimbi akawaza. Boti ya Fisi-maji ni nzito, inayakandamiza maji, ndiyo maana maji yanainuka nyuma. Hii inaelea kama ganda la karanga. Wimbi litatoka wapi?

Moyo ukamwambia, "Nunua!" Tumbo likamwambia, "Usinunue!" Moyo, "Wimbi!" Tumbo, "Ukoka!" Moyo, "Wimbi!" Tumbo, "Ukoka!" Wakagombana hivyo humo ndani mpaka Pimbi akashikwa na kizunguzungu.

"Nataka kwanza niijaribu," akasema.

"Hilo tu? Njoo kesho asubuhi," alisema Kiboko. "Leo mashine imepumzika."

Asubuhi Pimbi akaja na ubao wake, kipande cha mlango wa zamani. Dereva alikuwa Kima, kofia kaigeuza nyuma, mluzi mdomoni. Kiboko akasema, "Nyinyi nendeni, mimi nitawaangalia kutoka kule kwenye matete." Akaingia majini, dumbwi! Hakuonekana tena.

Mashine ikawaka. Pu-pu-pu-pu. Boti ikaenda, na nyuma yake kikatokea kiwimbi ambacho hata chura asingejisumbua kukipanda. Pu-pu-pu-pu. Pimbi akaanza kusikitika. Mara, huko chini: guruguruguru! Maji yakavimba, yakainuka, shwaaa! Wimbi hilo! Pimbi akarukia ubao wake, akasimama, akayumba, akasimama tena. Wimbi likamchukua.

"Mama Kidotiii! Nitazameee!"

Mama Kidoti alikuwa juu ya jabali, kajifunika macho kwa mikono miwili, anachungulia katikati ya vidole. Na Pimbi alifurahi, jamani. Alifurahi mpaka machozi yakamtoka. Hajawahi kufurahi hivyo tangu azaliwe.

Halafu wimbi likahema.

"Hhhhaaa."

Pimbi akashtuka. Mawimbi hayahemi. Akatega sikio. Shwaaa, hhhhaaa. Shwaaa, hhhhaaa. Kisha wimbi likapiga chafya, chyaa! Na pale pale chini ya boti yakachomoza masikio mawili madogo, yakatikisika, yakazama upesi. Pimbi akamtazama Kima. Kima alikuwa anatazama mbele tu, na mluzi wake umeongezeka sauti.

Walipofika ufukweni, Kiboko akatoka kwenye matete, ulimi nje.

"Mbona unahema, Bwana Kiboko?"

"Nilikuwa nakushangilia."

"Na hayo magugu kichwani?"

"Sherehe hiyo, mwanangu! Nimejipamba. Umeridhika? Kesho tuuziane mbele ya watu?"

"Nitamwuliza mama watoto," alisema Pimbi.

Mama Kidoti hakungoja kuulizwa. "Boti haina kitu! Chini yupo yeye, anasukuma!"

"Nimeona."

"Basi hununui."

Pimbi akageuka kulitazama ziwa.

"Baba Kidoti! Nimesema hununui!"

"Lilikuwa tamu, Mama Kidoti. Lile wimbi lilikuwa tamu."

"Tamu! Hawa watoto watakula wimbi? Kiboko akishaupata ukoka, umwone tena chini ya boti? Utabaki na debe lako jekundu, na sisi tutaguguna majabali."

Pimbi alijua kwamba ni kweli. Akawatazama watoto wake wanavyokula, nyam nyam nyam, na hofu ikamshika. Wimbi alilitaka, na watoto aliwapenda, na vyote viwili haviingii katika mkono mmoja. Akaketi jabalini, akajikunyata, akafikiri mpaka jua likamhama. Mwisho akaanza kucheka peke yake, kikikiki.

"Mama Kidoti, niamini mara moja tu."

"Nilikuamini mara moja tulipooana," alisema Mama Kidoti. Lakini akanyamaza, na kunyamaza kwake ni ruhusa.

Sasa nisikilizeni vizuri. Ziwani kule kulikuwa na desturi ya kuuziana. Muuzaji na mnunuzi wanasimama mbele ya watu, na Kobe, mkubwa wa soko, yuko katikati. Mnunuzi anataja kila kinachokwenda na mali anayonunua, na muuzaji akikubali anajibu, "Pamoja!" Akishajibu, kimekwenda. Akikana baadaye, Tembo yupo na bakora yake.

Kesho yake wakakusanyika wote. Kiboko akasimama, lakini macho yake hayakuwa kwa Kobe wala kwa Pimbi. Yalikuwa kule juu, kwenye ukoka, na udenda unamtoka, ti, ti, ti.

Pimbi akakohoa. "Boti, pamoja na mashine yake?"

"Pamoja!"

"Pamoja na usukani wake?"

"Pamoja!"

"Pamoja na rangi yake nyekundu na ua lake la ubavuni?"

"Pamoja, pamoja! Fanya haraka, jua litanichomea majani."

"Pamoja na kile kilicholeta wimbi la jana, kiwe chochote?"

"Pamoja!"

"Pamoja na mali yote ya hicho kilicholeta wimbi?"

"Pamoja! Pamoja! Pamoja! Ee, huyu mtu anaongea!"

Kobe akagonga gamba lake, ngo! "Imeuzwa."

Kiboko hakusubiri hata kuagana. Akakimbia mlimani, ardhi inatikisika, tindi tindi tindi, akafungua kinywa chake chote na kung'oa kipande cha ukoka kikubwa kama mkeka. Mama Kidoti akakumbatia watoto. Machozi yalimlengalenga, na Pimbi akayaona.

Akaingia botini upesi. "Kima, washa."

Pu-pu-pu-pu. Boti ikaenda, ikarudi. Nyuma yake maji yametulia tuli, bata anaogelea na wanawe, hana habari.

"Mzee Kobe," Pimbi akaita kutoka majini, "wimbi langu halipo."

Watu wakageuka kumtazama Kiboko. Kiboko, kinywa kimejaa, akasema, "Labda leo maji yamechoka."

Watu wakacheka hadi wakashika mbavu. Kobe hakucheka, Kobe hachekagi. Akanyoosha shingo yake polepole. "Kima, wewe ulikuwepo jana. Wimbi lililetwa na nini?"

"Mimi ni dereva tu, mzee," alisema Kima. "Mimi natazama mbele." Tembo akasogea hatua moja. "Lakini masikio niliyaona!" alisema Kima.

"Kiboko," alisema Kobe, "kama ni boti, ilete wimbi sasa hivi, sote tunatazama. Kama ni kingine, kitaje."

Kiboko akatazama boti. Akatazama bakora ya Tembo. Boti, bakora. Boti, bakora. Akasema kitu kwa ndani.

"Hatusikii!" watu walipiga kelele.

"NI MIMI!"

Hapo Pimbi akashuka, akapanda juu ya jiwe ili aonekane, akavuta pumzi.

"Jamani! Boti ni ya nani?"

"Ya Pimbi!"

"Kilicholeta wimbi ni nani?"

"Kiboko!"

"Kimekwenda na boti?"

"Pamoja!"

"Basi Kiboko ni wa nani?"

"Wa Pimbi!"

"Na ule ukoka aliolipwa Kiboko ni mali ya nani?"

"Ya Kiboko!"

"Na mali ya Kiboko imekwenda?"

"Pamoja!"

"Basi ukoka ni wa nani?"

"WA PIMBI!"

Kiboko alisimama pale, mashavu yamevimba, majani yananing'inia huku na huku. Mama Kidoti akamwendea, mdogo vile, hafiki hata kwenye goti lake. Akamnyooshea kidole.

"Tema," akasema.

Kiboko akatema.

Basi tangu siku ile ikawa kila asubuhi pu-pu-pu juu, guruguruguru chini, shwaaa nyuma, na Pimbi juu ya mlango wake wa zamani, mikono kiunoni. Akishuka yeye anapanda Mama Kidoti, aliyesema anajaribu mara moja tu ili aone upuuzi wenyewe, na akakataa kushuka. Akishuka Mama Kidoti wanapanda watoto, wenye majina na wasio na majina. Fisi-maji wakavuka ziwa kuja kushangaa.

"Ndugu Pimbi, boti hii nyepesi hivi, wimbi lote hilo linatoka wapi? Umeinunua kiasi gani?"

"Bure," alisema Pimbi. "Na muuzaji nikapewa juu yake."

Ndiyo maana hadi leo Kiboko mchana kutwa hujificha majini, ametoa pua na masikio tu, anasikiliza kama Pimbi anamwita kazini. Na kula, hula usiku, majani ya mbali, huku anageukageuka.

Funzo lake? Msinitazame hivyo, kila ngano lazima iwe na funzo, hata hii. Funzo ni hili: wanangu, msipende michezo, msinunue vitu vya bei poa, na msibishane na wakubwa. Pimbi alifanya yote hayo, na mmeona wenyewe alivyoteseka. Mpaka leo maskini hapumziki, likiisha wimbi hili, linakuja lingine.

Nami mzigo nautua hapo. Iliyomkolea ameze, iliyomkwama ampe jirani.

— Na jirani ikimkwama?

Atajijua mwenyewe! Nendeni mkalale.