Vipindi Vyote Ni Vyenu

Paukwa!
Pakawa!
Palikuwa na nini?
Palikuwa na uwanja!
Wa nani?
Eh, hapo ndipo ugomvi ulipoanzia.

Uwanja ulikuwa wa Sekondari ya Kichakani. Wanafunzi ndio waliong'oa magugu, wanafunzi ndio waliosimamisha magoli. Ikaja klabu ya mtaani, Tope Stars, na mwenyekiti wake, Kiboko.

"Tuutumie sote," akasema.

Wakakubali. Kumbe "sote" ya Kiboko ni yeye peke yake! Asubuhi, Kiboko. Mchana, Kiboko. Jioni, gwi! gwi! gwi! Kiboko tena, na nyasi zote chali.

Nguchiro, nahodha wa timu ya wasichana, chakula kilikuwa hakimshuki. Jumamosi walikuwa na mechi ya ligi ya shule, wao na Swala wa ng'ambo. Na mwenyeji akikosa uwanja anafutwa kwenye ligi. Jasho lote lile, fyuu, limekwenda!

Akamwendea Kiboko mbele ya Twiga, refa wa mechi zote.

"Shikamoo, mzee. Tugawane uwanja."

"Marahaba, mwanangu. Mimi ni mtu wa haki. Wakati wa vipindi, uwanja ni wenu. Nje ya vipindi, ni wetu."

Mnaiona haki hiyo? Wakati wa vipindi wanafunzi wako darasani, wanakuna vichwa kwa aljebra! Nguchiro chozi likamlenga. Akafungua mdomo abishe, akaufunga. Wazo lilikuwa limemjia.

"Vipindi vyote, mzee?"

"Vyote!"

"Hata cha mwisho?"

"Vyote, vyote! Mimi sina choyo."

"Refa, umesikia?"

"Nimesikia," akasema Twiga kutoka huko juu.

Jumamosi Swala wakafika. Wakakuta Tope Stars wamejaa uwanjani, wanataka kucheza na timu ya Nyati, gwi! gwi! gwi! Nguchiro akaingia hadi katikati.

Twiga akainua filimbi awaanzishie Tope Stars na Nyati. "Tayari? Kipindi cha kwanza..."

"Samahani, refa. Cha kwanza nini?"

"Kipindi."

"Na baada ya mapumziko?"

"Kipindi cha pili."

"Mzee Kiboko, vipindi ni vya nani?"

Kiboko akafumbua domo lake, akanguruma, "We mtoto! Kipindi ni hesabu! Kipindi ni jiografia!"

"Ulisema vyote, mzee."

"Alisema," akasema Twiga. Prrr! "Tope Stars, tokeni. Mtaingia wakati wa mapumziko."

Nguchiro akashusha pumzi hadi mkia ukalegea. Walitoka sare, tena ya bila kufungana, ila walikumbatiana kama waliobeba kombe: kwenye ligi wamo! Na mapumziko? Kiboko aliingia, akazunguka kidogo, akala maganda ya machungwa, prrr, akatolewa.

Jumatatu alikuja mwenyewe, mpole kama maji ya mtungini. "Mwanangu, tugawane kwa siku, eh?"

Wakagawana.

Basi, filimbi ya mwisho hiyo. Utamu nendeni nao nyumbani, uchungu mwachieni Kiboko. Na funzo lake, enyi watoto: msibishane na wakubwa hata siku moja. Mkubwa akisema neno, litiini lote, na maana zake zote.