Kenge Aliyesogeza Tarehe

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na nyumba zao, na umeme wao, na kompyuta yao moja ya kijiji, Mama Kanga aliweka mayai kumi katika mashine ya kuangulia. Kompyuta ndiyo iliyotunza joto. Mlinzi alikuwa Bwana Kenge, mnene, mkia kama mchi. Na desturi yao ilikuwa hivi: yai lisiloanguliwa mpaka siku ya ishirini na nane ni viza, na yai viza ni haki ya mlinzi.

Enhe! Mmeshaanza kumshuku, sivyo?

Asubuhi moja Mama Kanga alifika, akamkuta Kenge anajilamba.

"Pole, mama. Tazama tarehe. Siku ishirini na nane zimetimia, na mayai kimya. Yote viza!"

Mama Kanga akaitazama tarehe. Mwaka uliopita mvua ilimzolea mayai yote. Akalia, jamani, akalia mpaka jirani yake Kindi akashuka mtini, kwaru-kwaru-kwaru!

Kindi akamfuta machozi kwa mkia wake. Kisha akachungulia chini kabisa ya skrini, kwenye mstari mdogo: *Tangu niwashwe: siku 25.* Nayo iliwashwa siku ile ile mayai yalipoingia. Kumbe Kenge ameisogeza tarehe mbele!

Lakini ukimwita Kenge mwongo, si atayameza yote papo hapo? Kindi akajifanya mjinga.

"Bwana mkubwa, tarehe inasema ishirini na nane, huku chini panasema ishirini na tano. Tufuate ipi?"

"Hiyo ya chini imeharibika!"

"Basi izime, uiwashe, ijirekebishe. Itakachosema hapo chini, sote tukifuate. Unaapa?"

"Haki ya Mungu naapa!"

Mama Kanga akaingia mashineni, akayalalia mayai yasipoe. Kenge akabonyeza. Tii! Ikazimika. Akabonyeza tena. Ngriii! Ikawaka.

Kindi akasoma: "Tangu niwashwe: dakika moja."

"Nini?"

"Dakika moja, bwana. Hesabu hiyo haisogezwi kwa kidole. Huanza upya kila inapowashwa. Umeapa mwenyewe. Haya, subiri siku ishirini na nane."

Kenge akaburuta mkia wake, akatoka nje.

Mama Kanga akatoka mashineni, lakini hakubanduka pale. Siku ya tatu, akiwa ameegemea mashine kwa uchovu, akasikia ko! ko! Kisha sauti nyembamba: pii!

"Kindi! Kindi wee, njoo uone!"

Kindi akaja mbio, analia na kucheka. Wakahesabu pamoja: nane, tisa, kumi. Wote wazima.

Wanangu, saa unaweza kuipeleka mbele, lakini siku za mtoto ndani ya yai hakuna wa kuzipeleka.