Siku ya Nne ya Nakijwa

"Aliyepewa jembe si mgeni." Ndivyo nilivyoijibu redio asubuhi, iliposema kuna nchi ambayo watu waliofanya kazi humo miaka kumi wanaambiwa waanze upya kuomba kibali cha ukaazi wa kudumu. Mkacheka, mkasema, "Bibi anagombana na redio." Kisha mkaniuliza maneno yale nimeyatoa wapi. Haya, sikilizeni, wala sitapunguza ukali wake.

Methali hii ilizaliwa Kwemboza, nchi ya milimani, zamani za majumbe. Mwaka huo mvua iligoma kule tambarare. Mjane mmoja aitwaye Nakijwa, aliyekwisha kumzika mume na kupoteza ng'ombe wote, akapanda mlima na binti zake wawili kutafuta pa kuishi. Alipokewa vizuri, hilo sikatai. Siku mbili alikula na kulala kwa watu. Siku ya tatu Jumbe Shekiondo akamkabidhi jembe, akamwonyesha ubavu wa mlima uitwao Jiweni.

"Lima pale," alimwambia. "Mgeni akikaa masika saba bila ugomvi na mtu, tunampandia miti ya masale mpakani mwa shamba lake, anakuwa mwenyeji. Hiyo ndiyo sheria yetu."

Jiweni hapakuwa shamba. Palikuwa mawe matupu, na mteremko ambao hata mbuzi waliuogopa. Wenyeji hawakupataka. Nakijwa na binti zake waliyang'oa mawe moja moja, wakayapanga kuwa kuta, wakajaza udongo waliobeba kwa vikapu kutoka bondeni. Mwaka wa tatu wakavuna maharage. Mwaka wa tano migomba ikazaa, na watu wa Kwemboza wakawa wanakuja kujifunza namna ya kupanga kuta. Aliwafundisha, na njaa ilipoingia akawagawia maharage, hakumnyima mtu.

Masika ya saba yalipokwisha, akaenda kwa jumbe kuomba masale yake.

"Ni kweli umekaa," jumbe akasema, "lakini unahitaji mdhamini, mwenyeji atakayesimama kwa ajili yako."

Hakuwahi kuambiwa hivyo, lakini hakubisha. Akamleta jirani yake, Mzee Mahimbo. Jumbe akasema mdhamini sharti awe wa ukoo ulioanzisha mji. Nakijwa akahangaika miezi, akampata wa ukoo huo. Jumbe akasema, "Mwanamke peke yake hapandiwi masale. Uolewe kwanza." Na mwoaji alikuwa tayari! Kibua, mdogo wake jumbe mwenyewe, ambaye siku hizo hakukosa kupita Jiweni, akiitazama migomba zaidi kuliko alivyomtazama mwenye migomba.

Hapo ndipo Nakijwa alipoelewa. Akakataa kuolewa. Jumbe akatoa amri: mgeni avune kilichopo, aondoke kabla ya vuli, na shamba alichukue Kibua. Hata baraza halijakaa, Kibua alishapanda mihogo yake kwenye kuta za juu.

Siku ya baraza watu walijaa. Jumbe akasema kwa upole wa mtu aliyeshiba, "Mama, hatukufukuzi kwa chuki. Wewe ni mgeni tu, na mgeni hana ardhi."

Nakijwa akasimama. 

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mmesema nyinyi, si mimi. Na jembe mkanipa. Sasa nawauliza, jumbe na wazee: siku ya nne, mgeni huitwa nani?"

Akawageukia watu waliojaa barazani.

"Nilipokuwa nabeba mawe, hamkuniita mgeni. Mlipokula maharage yangu wakati wa njaa, hamkuniita mgeni. Nimekuwa mgeni leo, shamba lilipopendeza?"

"Kaa chini!" Kibua akafoka.

"Hakai!" Aliyesema hivyo ni Mama Hoza, mama yao jumbe na Kibua. Bibi kizee yule aliinuka kwa taabu. "Mimi nililetwa hapa kuolewa, kutoka ng'ambo ya mto, sijui hata jina la mtu. Siku ya tatu nikapewa jembe, nikalima, nikawazaa nyinyi. Akiondoka huyu, naondoka naye. Na nyinyi wenzangu mliotoka kwingine, inukeni!"

Wakainuka wake za wazee, mmoja huku, mmoja kule, hata wanaume wakabaki wameketi peke yao wakitazamana.

"Sikia, Shekiondo," mama yake akasema. "Aliyepewa jembe si mgeni. Tengua amri yako."

Wazee wakanong'onezana, wakamwambia jumbe kwamba amri imevunjika. Masale yakapandwa siku ile ile, mchana kweupe. Lakini zile kuta za juu wakamwachia Kibua, eti ili undugu usivunjike. Undugu gani? Jasho la miaka saba linamegewa mtu ambaye hakunyanyua hata kokoto, na hakuna mzee aliyeona haya! Hilo linanikera mpaka leo.

Nakijwa aliishi Kwemboza mpaka akazikwa huko. Kila alipomkuta Kibua akivuna kwenye kuta za juu, hakumtukana. Alisimama njiani, akasema neno moja kwa sauti ya kusikika mji mzima. Watoto wakalishika, wakubwa wakalishika, na kila mgeni aliyepanda mlima baada yake alifundishwa neno hilo kabla hajagusa udongo: aliyepewa jembe si mgeni.